Usiirande fuawe yako

Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi, bajaji ilisimama mbele ya karakana yangu hapa Ngamiani. Akashuka kijana mmoja wa Muheza, shati limelowa jasho, na nyuma ya bajaji mlikuwa na kitu kizito kimefunikwa kanga.

"Shikamoo fundi. Nimekuletea uione."

Nikamwitikia, nikasogea. Akaivuta ile kanga kwa madaha, na chini yake ilikuwa fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi hufulia juu yake. Uso wake uling'aa kama kioo, ndevu zangu nikaziona mle. Kingo zimenyooka, kali kama za bati lililokatwa leo. Kijana alikuwa anatabasamu, anasubiri nimsifu.

Sikuweza. Nilimwuliza tu, "Nani ameiranda hii?"

Akanieleza. Fuawe ilikuwa ya babu yake, mhunzi wa shamba la mkonge. Mzee alipofariki ikakaa uani chini ya mwarobaini miaka mingi, kuku wanalala juu yake. Uso wake ulikuwa na bonde dogo katikati na vijishimo vya kutu, na kijana akaona haya kuanza kazi na kitu kichakavu. Akaipeleka kwenye karakana moja ya mashine, akalipa, wakairanda mpaka bonde likaisha.

Nilichukua nyundo ya nusu kilo, nikaanza kugonga polepole kutoka upande wa pembe, ile ncha iliyochongoka, kwenda mkiani, ule upande wa pili ulio bapa. Mwanzoni ilinijibu: ting. Katikati: ting, lakini kwa mbali. Nilipofika mkiani, nyundo ilitoa mlio wa kugonga gogo, na ilipoinuka iliacha alama ya duara juu ya uso, kama kidole kilichobonyezwa kwenye unga uliokandwa. Kijana aliiona ile alama. Tabasamu likaondoka.

Fuawe nyingi za zamani za Kiingereza hazikutengenezwa kwa chuma cha aina moja. Mwili wake ni chuma laini kilichofuliwa, na juu yake limeunganishwa kwa moto bamba la chuma cha pua lenye unene wa kama nusu inchi, yaani milimita 12 hivi, likazimwa kwa maji mengi hadi likawa gumu. Ugumu wote uko pale juu. Ukiiranda fuawe yenye bonde mpaka inyooke, unakula lile bamba kwenye sehemu zilizoinuka, na sehemu zilizoinuka ni zile ambazo hazijachoka. Kwa fuawe ya huyu kijana, mashine ilipofika mkiani bamba lilikuwa limekwisha, ikabaki nyama laini. Kazi ya mhunzi wa miaka mia na zaidi iliyopita iligeuka vumbi la chuma sakafuni kwa mtu mwingine, kwa mchana mmoja.

Aliniuliza kama inarudi. Wapo mafundi wa kuchomelea wanaojua kujaza uso kwa vijiti vigumu, lakini lazima fuawe nzima ipashwe moto kwanza kisha ipozwe polepole. Ukichomelea kwenye chuma baridi, pembeni mwa kila mshono panalainika au panapasuka. Sikutaka kumtia moyo kwenye njia hiyo. Nilimwahidi kitu kimoja: nitaandika yote ninayoyajua kuhusu fuawe, ili mwenzake mwingine asiipeleke yake kwenye mashine kwa kuona haya.

Upande wa mama sisi ni Wapare wa Ugweno, ukoo wa Washana, na Washana ndio waliokuwa wafua chuma wa kule. Walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kwenye vijito baada ya mvua, wakauchoma kwa makaa na mvukuto wa ngozi ya mbuzi, na majembe yao yalivuka hadi kwa Wachagga. Babu yangu mzaa mama nilimkuta bado ana jiwe lake la kufulia, jeusi, laini juu kama limepakwa mafuta. Hilo ndilo lilikuwa fuawe. Halikuwa na pembe wala tundu la kuchomekea patasi, na majembe yalitoka. Nalikumbuka jiwe lile kila mtu anaponiambia hawezi kuanza kazi mpaka apate fuawe ya kigeni.

Mjomba wangu ndiye aliyeteremka na reli mpaka Korogwe akaajiriwa kwenye shamba la mkonge. Karakana ya shamba ilikuwa na fuawe mbili. Mjomba alinoa na kufua visu vya kukatia mkonge, alinyoosha vyuma vya matoroli, na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ilipoharibika walimwita hata usiku wa manane. Mwaka 1988 alinichukua nikavukute moto. Mwezi mzima wa kwanza sikuruhusiwa kushika nyundo. Alinifanya nigonge fuawe zote mbili kwa kifundo cha chuma, macho yamefumbwa, nimwambie ninagonga ipi na sehemu gani. Kufikia wakati ule masikio yake mwenyewe yalikuwa yameanza kufa kwa kelele, kwa hiyo yeye alikuwa analaza kiganja kwenye mkia wa fuawe na kugonga usoni kwa mkono wa pili. Aliusikia mtikisiko kwa ngozi. Maneno yake ninayo mpaka leo: "Usimwulize muuzaji. Iulize yenyewe."

Na mimi niliyasahau maneno hayo mwaka 2009, nilipopata hela ya kununua fuawe yangu ya kwanza. Niliiona dukani, mpya, imepakwa rangi ya kijani, pembe nzuri, tundu zote zipo. Muuzaji alisema ni chuma cha pua kitupu. Nilikuwa na haraka, nikalipa. Wiki ya tatu uso ulikuwa umejaa vidonda vya nyundo, na kila kidonda kilichapwa kwenye kazi yangu: ukifua panga bapa, linatoka na madoadoa kama limeugua tetekuwanga. Mwezi wa tano ncha ya pembe ilivunjika. Nilipotazama pale palipovunjika niliona chembechembe za kijivu kama sukari iliyochanganywa na majivu. Chuma cha kusubu. Kimeyeyushwa, kimemiminwa kwenye kalibu, kimepakwa rangi. Kinafaa kwa sufuria na mifuniko ya mitaro, hakifai kupigwa nyundo.

Kipimo ambacho kingeniokoa kinagharimu karibu na bure. Nenda kwa fundi magari, mwombe gololi moja kubwa ya beringi iliyokufa. Simamisha rula juu ya fuawe, achia gololi kutoka sentimita 25, usiitupe, iachie tu, kisha tazama inarudi mpaka wapi. Fuawe nzuri huirudisha asilimia 70 mpaka 90 ya njia, yaani kati ya sentimita 17 na nusu na sentimita 22 na nusu. Ile ya kijani yangu ilirudisha sentimita 7. Usipime sehemu moja ukaridhika. Tembea na gololi uso mzima, kila baada ya vidole vitatu, na pale inapozembea weka alama ya chaki. Ukimaliza utakuwa umechora ramani ya fuawe hiyo: wapi bado imara, wapi imechoka, wapi bamba limeachana na mwili. Mahali bamba lilipoachana gololi hufa ghafla na mlio hugeuka wa chungu kilichopasuka.

Mlio nao una mipaka yake. Fuawe za Sweden zilizomiminwa kwa chuma cha pua kitupu, kama Kohlswa, zinalia kama kengele mpaka masikio yanauma. Za Kiingereza zinalia kwa kiasi. Lakini Fisher ya Marekani, ile yenye picha ya tai, mwili wake ni chuma cha kusubu kilichoshikana na uso wa chuma cha pua, haina mlio kabisa, na ni fuawe bora sana. Kwa hiyo ububu peke yake usikufanye uikatae. Gololi ndiye shahidi wa kuaminiwa.

Kama bado una shaka, chukua tupa. Pitisha taratibu pembezoni mwa uso. Kwenye uso mgumu tupa huteleza, unasikia inalia bila kuuma. Kwenye laini inauma mara moja. Halafu ukwangue kidogo chini kwenye mguu, mahali pasipofanya kazi, utazame kinachodondoka: chuma cha kusubu hutoa unga mweusi unaopaka vidole, chuma kilichofuliwa na cha pua hutoa vijipande vidogo vinavyong'aa.

Fuawe ninayotumia leo niliipata mwaka 2014 kwa muuza skrepa, imelala kifudifudi kati ya injini ya trekta na mageti mabovu. Niliona miguu tu. Miguu yake ya mbele na nyuma ilikuwa na vijukwaa vidogo bapa kwenye ncha, na chini ya kiuno mlikuwa na tundu la mraba, mahali ambapo wahunzi walioitengeneza walichomeka vyuma vya kuigeuzia motoni. Moyo ukanienda mbio. Sikuonyesha. Niliwaomba vijana wawili waigeuze, nikatoa gololi mfukoni. Sentimita 20 karibu na pembe, 21 katikati, 19 mkiani. Bonde dogo. Ukingo mmoja umemeguka kama ulioumwa na panya.

Ubavuni palikuwa na kutu nene. Hapo ndipo wengi huwasha grenda na brashi ya waya na kufuta historia yote. Nilisugua kwa gunia na mafuta ya taa kidogo, nikaweka karatasi ya daftari juu, nikaipaka mkaa kwa upande. Herufi zikaanza kutoka moja moja, nusu yake zimekufa: …TER WRI…, chini yake duara lenye SOLID WROU… Peter Wright wa Dudley, Uingereza. Kwa hizo herufi zilizofifia sana, washa tochi ya simu na uilaze iangaze kwa mshazari, usiku au mahali penye giza, kivuli kitakusomea.

Chini zaidi palikuwa na tarakimu tatu zilizoachana: 1 · 1 · 14. Wauzaji wengi hudhani ni tarehe, au namba ya toleo. Ni uzito, kwa hesabu ya zamani ya Waingereza. Tarakimu ya kwanza unaizidisha kwa ratili 112. Ya pili ni robo za hizo 112, kila robo ratili 28, ndiyo maana haizidi 3. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Kwa hiyo yangu: 112, jumlisha 28, jumlisha 14, ni ratili 154, na ratili 2.2 ni kilo moja, unapata kilo 70 kasoro kidogo sana. Tuliiweka kwenye mizani ya skrepa mbele ya mwenye mali. Ikasoma kilo 69. Nikasimama pale nikiitazama ile mizani. Mtu aliyegonga zile tarakimu kwa patasi hakunijua, bahari imepita kati yetu, na hesabu yake bado iko sawa.

Nililipa shilingi 1,200 kwa kilo, jumla 82,800, bei ya chuma chakavu. Na nilidai risiti iliyoandikwa vizuri kitu gani nimenunua. Nawasihi mfanye hivyo hivyo. Chuma kizito kina maswali siku hizi. Wenzetu Kenya wanakumbuka Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta aliposimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya hujuma za nyaya na nguzo za umeme, na mafundi wengi waliokuwa hawana kosa lolote wakakosa mali ya kufanyia kazi.

Hapo ndipo suala la reli linapoingia, maana kila mtu ananiuliza kuhusu kipande cha reli. Usikate wala usinunue reli iliyotoka njiani, ni mali ya umma na ni maisha ya watu. Ukiwa na kipande halali chenye karatasi zake, tumia, lakini kitumie kwa akili. Reli za matoroli ya mashamba ya mkonge ni nyembamba mno, zinayumba kama mti wa mpapai. Reli ya njia kuu, ile nzito ya ratili 80 kwa yadi, ina kama kilo 40 kwa mita, kwa hiyo nusu mita inakupa kilo 20. Wengi huilaza kama inavyolala njiani. Ikilala hivyo, chini ya nyundo pana shingo nyembamba, na nguvu yako inapotea kwenye kuchezacheza. Isimamishe wima. Sasa unapigia kichwa chake na urefu wote wa chuma uko chini ya pigo. Eneo la kupigia ni dogo, ndiyo, ila kisu na patasi hazihitaji zaidi ya hapo.

Na hata reli si lazima. Tafuta pande. Kipande cha ekseli nene, uma wa foklifti uliokatika, chuma chochote cha pua chenye unene wa ngumi mbili. Pande la sentimita 10 kwa 10 kwa urefu wa 30 lina kilo 23 na nusu, na likisimama wima juu ya gogo zuri litakufulia kila kisu cha nyumbani kwako. Wahunzi wa Japani walifua panga zao za vita juu ya pande la mraba lisilo na pembe. Babu yangu alifua juu ya jiwe. Kwa anayetaka kipimo, wahunzi wengi hukadiria fuawe iwe na uzito wa mara 50 ya nyundo: nyundo ya kilo moja, fuawe ya kilo 50. Ukiwa chini ya hapo, punguza nyundo, usiache kazi.

Gogo nimelibadilisha mara tatu. La kwanza lilikuwa la mwembe, likaliwa na mchwa. La pili la mkungu, likapasuka. Sasa nina mvule, limezikwa nusu mita ndani ya sakafu na chini yake kuna zege la mkono mmoja. Urefu ulioshauriwa na mjomba ni huu: simama karibu na gogo, mikono ining'inie, kunja ngumi. Vifundo vya ngumi viguse uso wa fuawe bila kuinama. Ikiwa chini zaidi mgongo utakudai kabla hujafika arobaini. Ikiwa juu zaidi bega ndilo litalipa.

Chini ya fuawe niliweka gunia la mkonge lililokunjwa, nikidhani nimepata dawa ya kelele. Kelele ilipungua kweli. Lakini Tanga ni bahari. Kusi ikianza upepo unakuja na chumvi, gunia likanywa ule unyevu na kuutunza, na nilipoiinua fuawe baada ya mwaka mmoja miguu ilikuwa inabanduka magamba ya kutu kama samaki. Nilikasirika na nafsi yangu wiki nzima. Sasa nimetandika mpira wa ndani wa tairi la lori, safu moja tu, na nimeifunga kiuno kwa mnyororo mzito uliokazwa kwenye gogo. Mnyororo unaua ule mlio mrefu, inabaki tik fupi. Kipande cha sumaku kutoka kwenye spika mbovu chini ya mkia kinasaidia pia. Nina majirani ukutani na msikiti hatua mia kutoka hapa, sipigi chuma wakati wa sala. Na nyinyi vijana, zibeni masikio. Mjomba alikufa akiwa hasikii adhana wala sauti za wajukuu zake, aliisikia fuawe kwa kiganja tu.

Uangalizi wa kila siku ni mdogo mno, na ndiyo maana watu hawauamini. Kabla ya kuanza nafuta uso kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mafuta yakibaki nyundo inateleza na kazi inaruka. Kati ya moto na moto napiga brashi yale magamba meusi yanayobanduka kwenye chuma cha moto. Ukiyaacha unayashindilia kwenye kazi na kwenye uso vilevile. Jioni, fuawe ikiwa bado na uvuguvugu, napitisha kitambaa chenye mafuta, mwili mzima mpaka chini ya pembe, kisha naifunika. Rangi sipaki. Uso unaofanya kazi kila siku haupati kutu, nyundo na chuma cha moto vinaung'arisha vyenyewe.

Yaliyobaki ni ya kutofanya. Usipige uso mtupu kwa nyundo kubwa kuonyesha watu mlio wake. Usifue chuma kigumu kilicho baridi juu yake. Ukikata kwa patasi, usimalizie juu ya uso, sogea kwenye kile kijukwaa kidogo kati ya uso na pembe, kimeachwa laini makusudi kwa ajili hiyo, au tandika kipande cha bati nene. Usiache chuma chekundu kilale juu yake wakati unaongea na mteja. Chuma cha pua kilichozimwa huanza kulegea kikipita nyuzi 200 hivi, na ukiona uso umegeuka rangi ya majani makavu, halafu ya buluu, ujue sehemu hiyo imelainika. Ndiyo sababu fuawe iliyotoka kwenye nyumba iliyoungua naipima mara mbili: kwa macho haina kasoro, gololi inalala juu yake kama imechoka.

Sasa bonde na kingo zilizomeguka, yale yanayowatia watu haya. Lile bonde langu la katikati silitoi hata kwa pesa. Ukitaka kunyoosha panga lililopinda, unalilaza juu ya bonde, unapiga mgongo uliopinda, linashuka kidogo kupita mstari na kurudi limenyooka. Kwenye uso bapa kabisa chuma hakina pa kushukia. Na kingo kali ni adui. Ukifua kwenye ukingo mkali, chuma kinajikunja ndani kwenye kona, na mkunjo ule ndio utakaopasuka baadaye mkononi mwa mkulima. Mimi misumari ya jahazi naifua kwenye ukingo ambao nimeuviringisha kwa tupa kidogo, kama unene wa penseli, na upande wa mbali nimeuacha mkali zaidi kwa kazi chache zinazohitaji kona ya wima. Ule ukingo uliomeguka niliupitishia tupa ili meno makali yasiendelee kupasuka. Dakika kumi za kazi, basi.

Yule kijana tulikaa naye mpaka adhuhuri. Tulitembea na gololi juu ya fuawe ya babu yake, tukachora chaki. Upande wa pembe, kama urefu wa kiganja, bado inarudisha sentimita 18. Pembe yenyewe ni nzima, na pembe tangu mwanzo haikuhitaji bamba. Nikamwambia afulie hapo, mkiani asiguse kwa nyundo, atumie tundu lake tu kuchomekea patasi. Tuliviringisha zile kingo kama wembe kwa tupa. Kabla hajaondoka alifua kulabu moja, ya kwanza maishani mwake, juu ya fuawe yangu, akaipindia kwenye pembe ya yake. Ile gololi nilimpa aende nayo.

Jana usiku ameniandikia. Kuna mzee njia ya Korogwe anauza fuawe, ndogo, chafu, ina bonde na ukingo mmoja umemeguka. Gololi imerudi sentimita 20. Picha aliyotuma ilikuwa ya ubavu, ameipaka mkaa kwenye karatasi, na tarakimu zimetoka: 0 · 3 · 17. Alikwisha piga hesabu mwenyewe, ratili 101, kilo 46 kasoro. Aliniuliza jambo moja tu, ukingo ule aufanye nini.

Nikamjibu aiache hivyo hivyo mpaka aje nayo, tutatafuta tupa.